Swamp Thing, Constantine au Helstrom: zote zilipigwa chini sizoni ya kwanza, uanze na ipi?

Juzi dogo langu kaja na flashi yake ya GB 32, kaniambia kaka niwekee sirizi moja ya kutisha, iwe fupi, iwe ya hao masupahiro ila sio hawa wanaovaa chupi juu ya suruali. Nikacheka. Nikamwambia za hivyo ninazo tatu, zote zimetoka kwenye vitabu vya katuni, zote za usiku usiku, na zote zina ugonjwa mmoja, zilikufa zikiwa changa. Kuna Swamp Thing ya 2019, kuna Constantine ya kituo cha televisheni cha NBC iliyoanza 2014, na kuna Helstrom ya Hulu, app ya Marekani ya kutazamia sirizi, ya 2020. Epsodi 10, epsodi 13, epsodi 10, basi, sizoni ya pili hakuna na usikae unasubiri.

Akauliza sasa ipi kali. Hapo ndio nikaona niandike kabisa maana hili swali naulizwa sana na mi naona watu wanaliuliza vibaya. Sirizi iliyokatwa unaichagua kama unavyochagua shati la mtumba, huangalii uzuri tu, unaligeuza unatafuta palipochanika. Pamechanika kwenye pindo? Unachomekea, nani ataona. Pamechanika mgongoni? Unalirudisha mezani unaendelea na safari yako. Hizi tatu zote zimechanika ila hazijachanika sehemu moja, na hilo ndo la kuangalia kabla hujamaliza bando lako.

Spoila zipo kidogo humu, ila miisho kabisa siigusi.

SWAMP THING

Naanza na hii kwa sababu ndio niliyoirudia mara mbili na sijutii. Stori iko mji wa kubuni unaitwa Marais, Louisiana, ingawa walishutia Wilmington kule North Carolina. Abby Arcane, kacheza Crystal Reed, ni daktari wa CDC, ile taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, anarudi mji aliokulia na ambao aliukimbia, kwa sababu kuna ugonjwa umezuka watu wanauita mafua ya kijani. Pale anakutana na mtafiti mmoja msumbufu anaitwa Alec Holland, Andy Bean huyo, ambaye kashagundua kuna mtu anamwaga kemikali kwenye kinamasi. Alec hamalizi epsodi ya kwanza akiwa mtu. Boti inalipuka, anazama, na kinachotoka kwenye yale maji ni jitu la mizizi na matope lenye macho mekundu.

Sasa mwanangu kwenye kutisha hawa jamaa hawakuwa na utani. Mmoja wa maprodyuza wake ni James Wan kwa hiyo ulijua kabisa unaenda wapi. Epsodi hiyohiyo ya kwanza kuna maiti ya mzee mmoja, baba wa binti anayeumwa, wanamkuta nyumbani kwake mimea imemshika ukutani kama vile alizaliwa pale. Wanampeleka kumchunguza, kalazwa mezani katulia, halafu mizizi inaanza kujinyoosha taratibu na ule mwili unainuka, ila sio yeye anayeinuka, mimea ndio imemvaa. Mi nilikuwa nakula. Sahani niliiweka pembeni na sikuirudia.

Halafu lile jitu lenyewe sio la kompyuta. Ndani yupo mtu kweli, Derek Mears, njemba moja refu ambaye ndiye aliyekuwa yule muuaji Jason kwenye filamu ya Friday the 13th ya 2009, kavalishwa suti nzima ya mpira na gundi na majani, na ndio maana akisimama karibu na Abby unaona uzito wake, unaona maji yanamchuruzika begani. Kuna sehemu anaongea kwa sauti ya chini hivi, ya mtu aliyechoka na kujibeba, na unamwonea huruma kabisa. Sirizi za siku hizi kila kitu wanapaka rangi baadaye kwenye kompyuta, hii unaisikia mpaka harufu ya matope.

Ila sio kila kitu kimenyooka, nisiwadanganye. Katikati pale kuna mambo ya familia ya tajiri wa mji, Avery Sunderland na mkewe Maria, Will Patton na Virginia Madsen, wamefiwa na binti yao aliyezama majini zamani, mama anamlaumu Abby, mzimu wa binti unakuja unaondoka. Waigizaji ni wazuri sana, Will Patton akitabasamu tu unajua mtu atakufa, sema kuna epsodi mbili tatu unatamani kumwambia mama samahani, turudini kwenye kinamasi.

Haya geuza shati tuone. Waliagizwa epsodi 13. Aprili 2019, kamera ziko bado zinazunguka, wakaambiwa ziwe 10. Ikatoka tarehe 31 Mei, tarehe 6 Juni ikatangazwa kwamba haiendelei. Siku sita! Mtoto hajapewa hata jina. Epsodi zilizobaki zikawa zinatoka kila wiki mpaka Agosti 2 huku kila mtu anajua ni za marehemu. Kwa nini? Ilisambaa stori ya kodi, eti hela waliyotegemea kurudishiwa na jimbo la North Carolina ilihesabiwa vibaya, watu wa jimbo wakakataa, na DC Universe wenyewe, ile app iliyoirusha, hawakutoa sababu yoyote ya maana. App yenyewe ilikuwa inashika Marekani tu, na 2021 ikageuzwa ikawa ya kusoma katuni, tamthilia zikahamia HBO Max. Sisi huku tuliipata kwa njia tunazozijua, tusitajane.

Mchano unauona wapi? Unauona epsodi mbili za mwisho, mambo yanakimbizwa kama daladala inayowahi kituo trafiki hajatokea. Kuna jamaa anaitwa Daniel Cassidy, Ian Ziering, aliwahi kuwa mcheza filamu, amefungwa na mkataba wa ajabu asiweze kutoka nje ya mji, wamemjenga vizuri tangu mwanzo halafu muda wake ukifika anapewa dakika chache tu za kuwaka ndo imetoka. Inauma.

Lakini, na hii lakini ndio muhimu, swali kubwa la sirizi nzima ni moja tu, je Alec atarudi kuwa binadamu? Na hilo limejibiwa. Epsodi ya 9 yule mwanasayansi Jason Woodrue, Kevin Durand, mtu ambaye hata akisalimia unapata wasiwasi, anamlaza lile jitu mezani anampasua, anatoa kiungo kimoja kimoja anakiangalia, na anachogundua pale ndio jibu. Wamelitoa kwenye toleo maarufu la katuni aliloandika Alan Moore 1984, na wamelitendea haki mpaka nilisimamisha nikazunguka chumba kidogo. Epsodi inayofuata huyo huyo Woodrue yuko jikoni, kikaango kiko motoni, mafuta yanalia, anakaanga kipande cha alichokitoa jana yake. Sitasema zaidi ya hapo.

Kwa hiyo huu mchano ni wa kwenye pindo. Unauona, unaudhika, ila shati unavaa.

CONSTANTINE

Hapa wengi mnamjua yule wa Keanu Reeves wa 2005, nywele nyeusi, Los Angeles, kikohozi. Huyu mwingine. Huyu wa NBC ni Matt Ryan, mzaliwa wa Wales, nywele za njano, koti la rangi ya mchanga, tai imelegea kama ya mtu aliyetoka harusini alfajiri, na ndiye anayefanana na wa kwenye vitabu haswa. Na hawa wawili, huyu na Swamp Thing, ni ndugu wa tumbo moja, maana John Constantine alizaliwa ndani ya katuni za Swamp Thing mwaka 1985, huko huko kwa Alan Moore, baadae ndio akapewa kitabu chake mwenyewe, Hellblazer, 1988.

Sirizi inamfungua akiwa hospitali ya wagonjwa wa akili Ravenscar, kaskazini mwa Uingereza, na alijipeleka mwenyewe, anapigwa shoti za umeme apate kusahau. Anataka kusahau nini? Newcastle. Kuna binti mdogo anaitwa Astra, John alijifanya mjuaji akaita pepo mkubwa kufukuza mdogo, na mtoto akaburutwa kuzimu mbele ya macho yake. Kila anachokifanya baada ya hapo unakiona kina hiyo deni nyuma yake. Akiwa bado hospitali anakuta mende wamejaa ukutani, mamia, na hapo hapo ukutani panatokea maneno, LIV DIE. Ndio anatoka, anaenda Atlanta kumtafuta huyo Liv kabla hajafa.

Na hapa ndio kuna kituko, Liv mwenyewe, Lucy Griffiths, anaisha epsodi hiyohiyo ya kwanza. Hafi, anaaga anaondoka, kwa sababu walipomaliza kushuti epsodi ya kwanza wenye mali wakabadili mawazo wakataka mwanamke mwingine pembeni ya John, akaja Zed, Angélica Celaya, mchoraji anayeona maono. Kwa hiyo ukitazama epsodi ya kwanza usimzoee mtu. Alichoacha Liv ni ramani yenye matone ya damu, tone likionekana jipya John anajua pepo liko wapi, anapanda teksi ya Chas wanaenda. Chas ndiye nimpendaye mimi, jitu kimya, anauawa karibu kila wiki na anaamka, na sababu yake wanakuja kuieleza epsodi za mwisho, ana roho 47 na kila moja ina jina la mtu. Hiyo epsodi itafute.

Ubora wa hii ni kwamba kila epsodi ina kesi yake inaanza inaisha, dakika 43 hivi, unatazama moja unalala, wiki ijayo unarudi hujapotea. Ukiniambia nikuchagulie moja nakupa ya 4, inaitwa A Feast of Friends. Rafiki wa zamani wa John, teja, anatua uwanja wa ndege wa Atlanta na chupa, na ndani ya chupa kafungiwa pepo la njaa. Chupa inafunguka. Watu wanaanza kula, wanakula mpaka vya mbichi, wanakula na bado wana njaa mpaka wanakufa wakiwa wanatafuna. Na namna John anavyolimaliza lile pepo ndio unagundua huyu sio stelingi wa kawaida, stelingi wa kawaida anajitoa yeye, huyu anamtoa rafiki yake, kisha anakaa naye chini amshike mkono. Mi sijawahi kuona supahiro anafanya unyama wa namna ile halafu bado unamwelewa.

Kasoro yake kwenye kutisha ni kwamba ilikuwa ni televisheni ya kawaida ya Marekani, inarushwa hewani Ijumaa usiku, kwa hiyo walibanwa. Kwenye vitabu huyu mtu anavuta sigara kama treni la makaa, NBC hawakutaka, basi utamwona anazima tu, au kashika kiberiti halafu kamera inageuka. Damu nayo inamwagwa kwa kijiko. Kwa mtu aliyetoka Swamp Thing hii ni chai ya rangi.

Palipochanika sasa. NBC waliishia kwenye epsodi 13 hawakuongeza, ya mwisho ikaruka Februari 13, 2015, Mei wakaifuta rasmi. Na stori kubwa ya sizoni, ile giza linapanda nani anaongoza, haijaisha hata robo. Dakika za mwisho kabisa mtu mmoja uliyekuwa unamwamini anageuka, unashika kichwa, halafu majina yanapanda, kwisha habari. Huu ni mchano wa mgongoni kabisa, wala tusipepese.

Ila shati hili lilipata fundi. Matt Ryan hakuachwa. Mwaka huohuo 2015 akaonekana kwenye sirizi ya Arrow, baadaye akaenda sirizi nyingine, Legends of Tomorrow, akawa mtu wa kudumu kabisa, na kwenye katuni za video akampa sauti. Kesi ya yule aliyegeuka haikumalizwa, lakini John mwenyewe unaendelea kuwa naye, na kwa mi nadhani hicho ndicho watu walikuwa wanakitaka, sio giza, mtu.

HELSTROM

Hii nitakuwa mfupi maana na yenyewe haikunipa mengi.

Ndugu wawili, Daimon na Ana Helstrom, baba yao alikuwa muuaji aliyezoea kuua, na sio binadamu kamili, mama yao Victoria kafungiwa kwenye kituo cha wagonjwa miaka na miaka kwa sababu kuna pepo limemkalia halitoki. Daimon, Tom Austen, ni profesa wa maadili Portland na pembeni anapunga watu mapepo. Ana, Sydney Lemmon, yuko San Francisco ana kampuni ya mnada wa vitu vya kale na usiku anawinda wabaya. Wanachukiana, wanakutanishwa na fuvu. Vatikani wanamtuma mwanadada anayesomea utawa aje awasaidie.

Unaona ilivyo kwenye karatasi? Tamu. Na kuna kitu kimoja kinastahili muda wako, Elizabeth Marvel kama mama. Kakaa kwenye chumba kitupu, mikono haina kitu, anabadilika kutoka mama anayeomba msamaha kwenda pepo linalokucheka kwa kuinua tu kidevu. Hamna rangi ya kompyuta pale, ni uso tu. Kila akitoka kwenye kioo sirizi inapoa kama ugali wa jana.

Shida kubwa ni kwamba waliona aibu na walikotoka. Kwenye katuni za Marvel za miaka ya 70 huyu Daimon anaitwa kabisa mwana wa shetani, kifua wazi, nyota kubwa kifuani, mkuki wa meno matatu mkononi, anaendesha gari la kukokotwa na farasi wa motoni. Ni ujinga, ndio, lakini ujinga mtamu. Hapa kavishwa koti la suti na mikono inatoa mwanga wa joto kidogo. Hata herufi moja ya jina waliing'oa, kwenye vitabu ni Hellstrom, hapa Helstrom. Jina la Marvel nalo kwenye matangazo hulioni mbele kama ulivyozoea, na kuna sababu, kitengo cha Marvel Television kilichoitengeneza kilifungwa Desemba 2019 kabla hata haijatoka, na sirizi ya Ghost Rider ambayo ingekuwa jirani yake ilishauawa Septemba mwaka huohuo. Kwa hiyo hii ilizaliwa yatima. Zikamwagwa epsodi zote 10 kwa mpigo Oktoba 16, 2020, na Desemba hiyohiyo wakaifuta.

Imechanika wapi? Ukweli kwenye mshono haina shida kubwa, walimaliza epsodi zao zote walizopanga, mgogoro wa mama umefika mahali, ila mwishoni wakafungua mlango mpya ambao hakuna mtu atakayepita. Tatizo hapa sio mchano, kitambaa chenyewe ndio kile cha kuvaa mara mbili.

SASA WEWE NI MTU GANI?

Kama unataka kuogopa kweli, taa umezima, nyumba imelala, ni Swamp Thing na hakuna wa kushindana nayo. Helstrom inakuja ya pili kwa sababu ya yule mama, na Constantine ya mwisho, inakutisha kidogo kisha inakuchekesha. Ila kama nyumbani kuna watoto wanapitapita sebuleni basi kinyume chake, Constantine hata ukikutwa unaweza kujitetea, Swamp Thing ukikutwa na ile meza ya kupasulia utaitwa kikao.

Kama unachotaka ni mtu wa kumpenda, yaani stelingi wa kubaki naye kichwani, nenda kwa John moja kwa moja. Abby ni mzuri lakini muda mwingi anaulizwa maswali na yeye anauliza. Alec na ile suti anakugusa ila anaongea kidogo. John anakaa kwenye fremu unasahau kuna pepo nyuma yake.

Kama wewe ni mtu wa kukasirika na miisho, wale wa kusema mmenipotezea muda wangu, usianze na Constantine nakuomba, utanipigia simu usiku. Anza na Swamp Thing, epsodi 10, karibu lisaa kila moja, wikiendi mbili umemaliza na lile swali kubwa umejibiwa. Kuna watu walipata tamaa tena The CW walipoirusha upya Oktoba 2020, wakati corona imefunga maproduksheni na vituo havina cha kuonyesha, wakadhani labda sizoni ya pili itakuja. Haikuja.

Kama ni wale wa tamthilia za familia, mama kafanya nini, kaka hampigii dada simu, damu ni nzito, basi Helstrom itakufaa kuliko ilivyonifaa mimi. Vumilia epsodi mbili za mwanzo, zinatembea kama foleni ya benki.

Na kama unataka mbili, usizichukue kwa mpangilio wa miaka. Anza Swamp Thing ukiwa na nguvu, halafu Constantine kama ya kushushia, moja moja kabla ya kulala. Ukigeuza, Constantine ukitangulia, kile kinamasi kitakuonekania cha polepole sana kwa sababu umeshazoea kesi kuisha kila dakika 43.

Dogo nilimweleza yote haya, ananiitikia eeh eeh huku anachezea simu, nikamwekea Swamp Thing na Constantine zote kwenye flashi nikamwambia anza na ya kinamasi. Saa tano usiku meseji inaingia: "Kaka, huyu demu Liv anarudi epsodi ya ngapi?"